Vifo Vitatu Katika Ofisi ya Vizazi na Vifo

Fundi wa mitambo wa Ofisi ya Vizazi na Vifo wenzake walimwita Mama Nyaya, ingawa mtoto hakuwa naye na nyaya zake mwenyewe zilikuwa mbili tu, zote mbovu. Kwa miezi minane alijenga tovuti ambayo ingempa mzazi cheti cha mwanawe akiwa amekaa kwake, badala ya kupigwa jua kwenye foleni kana kwamba kuzaa ni kosa la jinai.

Tovuti hiyo aliifungasha ndani ya kontena. Si lile la chuma la kubebea mizigo, bali kifurushi cha programu pamoja na vyote inavyovihitaji, kiendeshwe popote bila kudeka. Alitengeneza makontena matatu yanayofanana kama mapacha, akayaweka kwenye klasta, yaani kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Kontena moja likianguka, klasta huwasha jingine papo hapo, na mwananchi hajui lolote.

Kosa lake lilikuwa kupenda lugha yake. Taarifa za klasta zilikuja kwa Kiingereza, naye akazitafsiri ili wakubwa wazielewe. Kwenye skrini ya Msajili Mkuu pakatokea: "Kontena limekufa. Jingine limezaliwa." Ofisi nyingine yoyote wangesoma hayo na kuendelea na chai yao. Msajili Mkuu, aliyekaa na muhuri miaka thelathini, alivua miwani akamwita fundi. Mama Nyaya akaeleza kwamba kontena likila kumbukumbu ya kompyuta kupita kipimo, huuawa.

"Huuawa na nani?"

"Na klasta, mzee."

"Na hilo lililozaliwa, limesajiliwa wapi?"

Fundi alicheka. Alicheka peke yake. Kesho yake ukatoka waraka: ni marufuku kontena kuzaliwa kabla ya marehemu kujaziwa fomu yenye sababu ya kifo na saini ya Msajili Mkuu. Mama Nyaya alibisha, akachora michoro, akanukuu vitabu. Naibu msajili akamvuta pembeni na kumkumbusha kwamba mwenye nguvu mpishe, na kwamba mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule. Basi akameza mate machungu, akazima uwezo wa klasta kujifufulia makontena.

Kilichomnyima raha ni dada yake mkubwa. Wiki nzima dada alitaka kupanga foleni akachukue cheti cha mwanawe, na yeye ndiye aliyemzuia: ngoja, dada, mfumo unakuja, utakipata kwenye simu. Sasa siku ya uzinduzi ilikuwa hiyohiyo ya mwisho ya kuandikisha watoto shule, na dirisha la kuandikisha lingefungwa saa sita mchana. Asiye na cheti angesubiri mwaka mwingine.

Saa tatu asubuhi tovuti ikafunguliwa, watu wakaivamia. Saa tatu na nusu kontena la kwanza likafa. Mzigo wake ukawaangukia wawili waliobaki, na robo saa haikupita wakamfuata mwenzao. Tovuti ikawa kimya. Mama Nyaya akajaza fomu tatu mbiombio, lakini karani akazirudisha: hakujaza jina la mama wa marehemu wala ndugu wa karibu. Alipoyajaza kwa jina lake mwenyewe, akaambiwa Msajili Mkuu yuko ukumbini, anahutubia wageni kuhusu kasi ya huduma, na hawezi kukatizwa.

Saa tano na nusu simu ikaita. "Mdogo wangu, niko hapa shuleni," dada alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto kavaa sare tangu alfajiri. Nimwambie nini?"

Mama Nyaya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kisha aibu ikageuka hasira. Akakaa kwenye kibodi, akaliongezea kila kontena kumbukumbu, akarudisha uwezo aliouzima, akayawasha yote matatu. Hakuna aliyesaini. Ilichukua dakika moja.

Ukumbini wageni walijaribu tovuti kwenye simu zao, ikafunguka, wakampigia Msajili Mkuu makofi hadi akainuka mara mbili. Saa sita kasoro dakika saba dada alichapisha cheti kwenye duka la steshenari lililopakana na shule, akakimbia nacho mkononi.

Alasiri ikaja barua ya onyo kwa Mama Nyaya. Kosa: kufufua marehemu watatu bila kibali. Aliisoma mara mbili, mara ya pili akicheka mpaka machozi yakamtoka, maana alijua mkataba ndiyo basi tena. Chini palikuwa na nafasi ya mtuhumiwa kujitetea. Akaandika: "Wa nne ameandikishwa darasa la kwanza."