Ala ya Bwana Nimeelewa

Miaka humpitia mwanadamu kama msasa upitavyo juu ya ngozi: haina haraka, lakini haisazi kitu. Ilimpitia Talha bin Sadallah wa Keko, ikampunguza nywele, ikamzidisha kitambi, ikazipinda hata ncha za viatu vyake zikatazama mbinguni. Neno moja tu haikuweza kumtoa kinywani, nalo ni "nimeelewa". Alilitamka kabla msemaji hajamaliza, na kwa ajili hiyo karakana nzima ya Bi Mwamvita, washonao mikanda, pochi na makubadhi, ilimwita Bwana Nimeelewa.

Siku aliposhona mkoba wa mwalimu pande zote nne, pasibaki pa kutia hata chaki, Bi Mwamvita alimwonya.

"Talha, ukikosea tena, hamia kwa maseremala hapo jirani ukabebe vitanda."

"Nimeelewa."

Wiki ile ile Hashil, kijana wa Kipawa, akapiga simu.

"Shikamoo, fundi. Nataka ala ya ngozi, ya arusi yangu. Ya babu imeliwa na panya."

"Marahaba. Nimeelewa."

"Sijakupa vipimo."

"Mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa. Wewe shughulika na bibi arusi."

Lugha yetu ni tajiri, na utajiri una mitihani yake. Ala ni kifuko cha kuchomekea kisu. Ala pia ni chombo cha muziki. Hashil alikusudia ya kwanza, kwa ajili ya jambia lililopinda alilorithi kwa babu yake. Talha akatwaa ngozi ya mbuzi, akaomba duara la mbao kwa maseremala, akawamba dufu lenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Ijumaa ya nikaha Hashil akafika na kanzu nyeupe, jambia kalifunga gazetini. Akakabidhiwa dufu.

"Nini hii?"

"Ala."

"Sasa jambia nilichomeke wapi?"

Talha akaligeuza dufu, akalichungulia ndani, kana kwamba tundu lingeweza kujitokeza kwa dua.

"Mnaniua!" Hashil akalia. "Bibi yangu Hayat, mjane wa babu, kaapa. Jambia la babu lisipokuwa kiunoni, hatoki nyumbani yeye. Likiwa uchi, sitoki mimi!"

"Talha," alisema Bi Mwamvita kwa upole wa kutisha, "vitanda vinakungoja."

Talha akainamisha kichwa. Ngozi mpya haipindi kwa kuombwa. Huloweshwa, ikafungwa kwenye kalibu, ikakauka, na nikaha ilikuwa baada ya Alasiri. Macho ya Bi Mwamvita nayo yakashuka, yakatua juu ya viatu vilivyotazama mbinguni.

"Vua kiatu."

Karakana yote ikangojea lile neno. Talha akafumbua kinywa, akakifumba.

"Kipi, Bi Mwamvita?"

Cherehani zikanyamaza. Fundi Tekla akaacha sindano ikining'inia.

"Kauliza!" akanong'ona. "Jamani, kauliza!"

"Cha kulia," akajibu Bi Mwamvita. "Kimepinda zaidi."

Kikakatwa, kikashonwa, na jambia likaingia kama mgeni aliyerudi kwao. Wakaifukiza ala ile kwa udi, wakairudia, na bado shehe aliyefungisha nikaha alikaa mbali kidogo na bwana arusi. Talha mwenyewe akalipiga dufu arusini, mguu mmoja peku, hata Bi Hayat akatikisa mabega.

Jumatatu mteja akaingia kutaka mkanda. Talha akamvutia kiti.

"Wa kiunoni, wa sinema, au ule ugonjwa wa malengelenge?"

"Wa suruali, mzee wangu."

"Suruali yako mwenyewe?"

Bi Mwamvita akashika kichwa, lakini vitanda havikutajwa tena.

Rabuka amhifadhi Talha, pamoja na mkewe Nusaiba, watoto wao na wazazi wao waliotangulia. Awajaalie masikio mapana kuliko vinywa, riziki ya halali, na viatu vilivyotimia jozi. Amin.