Babu wa Meli ya Magurudumu

Kila upepo wa alasiri ulipovuka ziwa na kupiga ufuko wa Kamunyonge, gurudumu la meli kuukuu iliyoachwa pale lililia. Lilikuwa limebaki gurudumu moja tu, la ubavu wa kushoto, refu kuliko nyumba yetu, na mbao zake zilizokuwa zikisukuma maji enzi hizo zilikwisha kuoza, zikabaki nne au tano zinazoning'inia kwenye misumari yenye kutu. Ilikuwa sauti ya mgonjwa anayegumia chumba cha pili. Wageni waliofika Musoma walishtuka wakiisikia. Sisi pale nyumbani tulisema Babu anachochea moto, tukaendelea na kazi zetu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa karani kwenye kinu cha pamba Bunda, na aliniambia nikakae na mama yake, ambaye miguu ilianza kumsumbua, mpaka mvua za vuli ziishe. Nililia njia nzima, kwa kuwa nilijua kwamba babu yangu alikuwa mzimu na kwamba nyumba ya Bibi ilitazamana na makazi yake.

Historia ya meli hiyo Bibi alinipa kidogo kidogo, huku akiparua samaki. Ililetwa na treni ikiwa vipande, ikaunganishwa ng'ambo ya ziwa kama mtu anavyounga kitanda, kisha ikawa inabeba pamba, ngozi na watu kwenda Mwanza na Kisumu. Ilikula kuni bila haya, hata vilima vya karibu na gati vikabaki vipara. Babu, jina lake Magesa, alikuwa mtoto wa wakulima wa Butiama asiyejua hata kuogelea, lakini alikuwa na kifua, wakamchukua awe mchochea moto wa tanuru. Safari moja meli ilirudi na shati lake likiwa limetundikwa pale alipokuwa akilitundika siku zote, mwenyewe hayupo. Wenzake walisema bila shaka wimbi lilimzoa. Kwetu, ziwa likikataa kurudisha mtu, hukatwa gogo la mgomba lenye urefu wake, likavishwa nguo yake na kuzikwa kama mwili. Ndivyo walivyofanya Butiama: wakalivisha gogo shati lile, wakalia, katekista akasali, na Baba, ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni, akanyolewa nywele za msiba. Baadaye zikaja meli zisizo na magurudumu, hii ya zamani ikavutwa mpaka kwenye mawe ya Kamunyonge ikaachwa hapo, na Bibi akaifuata. Alisema kaburi la mume wake liko Butiama, lakini pumzi yake imebaki tanurini.

Siku moja nilikwenda kusugua sufuria karibu na meli, nikamkuta mzee ameketi kwenye mlango wa tanuru. Nilitaka kukimbia. Alikuwa amevaa makubazi ya matairi, na alikohoa kikohozi kirefu cha mtu mzima kabisa, nikaona kwamba mzimu hauwezi kuteseka kiasi kile kwa kifua. Nikamwamkia. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nilipomtajia Bibi alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Kamwambie bibi yako Magesa yuko huku," alisema. "Nilikuwaga Kisumu miaka yote hii. Nilikuwa na watu wengine kule, na wao wameshanichoka. Mwambie sitaki kitu. Nataka nifie nyumbani tu."

Bibi hakushtuka. Aliniuliza kama mkono wa kulia wa mzee huyo una kovu la moto toka kiganja mpaka kiwiko. Nikasema analo. Akaendelea kuparua sato aliyekuwa mkononi, akarudia sehemu ambayo tayari ilikuwa safi, mara tatu, mara nne. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nami nilidhani msemo huo ni wa wale wanaochelewa kugawiwa nyama. Kisha akawasha moto, akasonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, akampika sato yule mzima. Chakula hakukitia kwenye sahani zetu za bati. Alikitia kwenye bakuli la udongo ambalo sikuwahi kuliona likitumika, akanionya nisimpe mzee mkononi, niliweke chini mbele yake, na nisilirudishe nyumbani. Njiani nilichovya kidole kwenye mchuzi, maana nilikuwa mtoto na samaki alinukia vizuri. Hakuwa na chumvi hata chembe.

Nilipomwekea bakuli chini nilimwonea huruma mzee. Nilimwambia kwamba Bibi amesahau chumvi, anisubiri nikamletee. Mzee akachovya na yeye kidole, akakilamba.

"Hajasahau, mjukuu wangu."

Ndipo na mimi nilipokumbuka. Kwetu, chakula kisichotiwa chumvi ni cha wafu. Nilikuwa nimeona Baba akikiweka kaburini Butiama. Mzee alikula chote, polepole, mpaka akanyofoa nyama ya kichwani, machozi yakimdondokea ndevuni. Hakumtukana Bibi wala hakuniuliza lolote juu yake. Aliuliza tu mtoto wake amekuwa mtu gani. Nikamweleza kuwa ni karani, anaimba kwaya, na anajua kukata nywele. Alicheka kidogo pale kwenye nywele. Akainuka, akashika njia ya gati, na kesho yake hakuwapo.

Bibi aliniuliza neno moja tu, kama alikula. Nikajibu alimaliza.

"Niliyemlilia nimeshamlilia," alisema. "Baba yako asijue."

Nilimchukia Bibi msimu ule wote. Nilimsugua miguu kwa mafuta ya samli kila jioni huku nikimchukia. Ilibidi niolewe, niachwe kwa muda na mume aliyekwenda machimboni Kiabakari, ndipo nikaanza kuelewa mwanamke aliyevaa ujane kwa heshima yote, halafu akaambiwa kwamba alikuwa ameachwa tu.

Leo meli haipo. Walikuja watu wa vyuma chakavu wakaikata, na mahali pake pana mabanda ya kuanikia dagaa. Ukiwauliza vijana wanasema hapajawahi kuwa na chombo chochote. Siku hizi mtu akichelewa kufika Bunda hupigiwa simu mpaka inaisha chaji, na sidhani kama kuna anayeweza kupotea kwa namna ile. Bibi amelala Butiama, ubavuni mwa gogo la mgomba. Huyo mzee sijui alikofia wala nani alimwosha. Nimewahi kusimama makaburini Kisumu nikisoma misalaba ya watu nisiowajua, nikijiona mjinga.

Baba sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yule wa tanurini. Krismasi iliyopita tulipiga chokaa makaburi, yeye na mimi, na alipochoka akaketi kwenye ukingo wa lile la baba yake. Alisema maisha yake yote alikua bila baba, watoto wenzake wakimcheka, lakini kitu kimoja kilimpa nguvu.

"Maji ndiyo yalimchukua," alisema. "Yeye hakututupa."

Nilichovya brashi kwenye ndoo.

"Ndiyo, Baba," nikasema.