Kizibo cha Zaituni

Vizibo vya soda vikitikiswa ndani ya kopo la maziwa vina sauti yake, na sauti hiyo mimi siiwezi. Nafundisha chekechea hapa Ujiji, na kelele za watoto nimezizoea zote. Lakini akitokea mmoja akatikisa kopo la vizibo, mkono wangu hunyooka wenyewe kumnyang'anya. Kisha naona aibu, kwa kuwa vizibo hivyo nimewaletea mimi.

Nilikuwa na miaka saba tulipovuka ziwa kutoka upande wa Kongo: mimi, mama, na mdogo wangu wa mgongoni. Baba alibaki nyuma, akasema atakuja na boti inayofuata. Tukawekwa katika kituo cha kupokelea wakimbizi pale Kigoma, mahema na mabanda ndani ya uzio wa seng'enge. Ziwa tulikuwa tunaliona, kuligusa haturuhusiwi. Upepo ukivuma kutoka Kibirizi ulituletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, basi midomo ilikula maharage na pua zikala dagaa. Nilizunguka uzio ule mpaka nikaijua kila nguzo, na kila nilipomaliza nilijikuta pale pale nilipoanzia.

Kitu tulichokiogopa kuliko vyote kilikuwa basi. Lilikuja mara mbili kwa wiki, majina yakasomwa, na walioitwa wakapelekwa makambini kwa barabara ya Kidahwe. Mama alininong'oneza siku ya kwanza tu: "Sifa, tusipande ile bisi. Baba yako akikuya, atatukuta wapi?" Nikalibeba swali hilo kama ndoo ya maji kichwani, naogopa hata kugeuza shingo.

Asubuhi tulifundishwa na Mwalimu, kijana wa Kiha kutoka Kalinzi. Alitusalimu kwa kupiga makofi polepole, kama wanavyosalimiana kwao. "Mwakeye!" Nasi tukapiga makofi na kuitikia. Vitabu havikuwepo, akatengeneza chake kwa karatasi za mifuko ya saruji, akakishona kwa uzi wa nyavu. Alichora kwa mkaa habari za Kuku na Bata, marafiki wa ufukweni. Kuku wake alikuwa na miguu mirefu mno, tukabishana wiki nzima kama yule si korongo. Kwenye ukurasa mmoja radi inapiga, na Kuku amejikunyata.

"Kuku ana nini?"

"Anaogopa!"

"Na rafiki yake afanye nini?"

"Akae naye!" Tulipiga kelele hadi turubai likatikisika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na nyuso nne za watoto, kubwa kama sahani: anayecheka, anayelia, mwenye hasira, mwenye hofu. Kila mtoto alikuwa na kizibo chake chenye alama iliyokwaruzwa kwa msumari. Changu kilikuwa na samaki. Cha rafiki yangu Zaituni, mwenye kovu kwenye nyusi, aliyetoka Rumonge, Burundi, kilikuwa na nyota. Kila asubuhi, kabla ya uji, Mwalimu alitikisa kopo la maziwa vilimokaa vizibo, nawe ulikiweka chako juu ya uso unaofanana na moyo wako siku hiyo.

Mtoto wa kwanza kuweka chake kwenye hofu, kesho yake jina la baba yake lilisomwa, wakapanda basi. Wiki iliyofuata basi likamchukua wa pili. Sisi hatukuhitaji wa tatu. Tangu siku hiyo vizibo vyote vikarundikana kwenye uso unaocheka, hata cha mvulana aliyekuwa na jino bovu na shavu limevimba kama andazi. Mwalimu alimtazama, akatikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, akampeleka zahanati. Lakini lile rundo hakulielewa, na sisi hatukumwambia.

Zaituni naye alikuwa anasubiri. Kaka yake mkubwa walipoteana naye njiani, na mama yao aliapa kutoondoka ziwani bila yeye. Tulikaa pamoja kwenye seng'enge tukihesabu boti. Siku moja tukagombania nani ashike kitabu. Nilimsukuma, akaanguka, na akiwa bado chini akaniambia: "Baba yako haji. Ziwa limemla."

Niliumia mpaka masikio yakawaka moto. Kesho yake wenzangu walipokimbilia uji, nilibaki nyuma. Nikaichukua ile nyota kutoka kwenye uso unaocheka, nikaiweka kwenye hofu. Nilijua ninachofanya. Sitajisingizia utoto.

Mwalimu alipoikuta nyota peke yake pale, alimwita Zaituni, wakakaa wawili mlangoni muda mrefu. Siku mbili baadaye jina la mama yake likasomwa. Mama yule alilia, akashika nguzo, akasema mwanawe atamkosa. Wakampandisha. Zaituni alinitazama kupitia dirishani, nami nikatazama miguu yangu.

Nilitaka kumwambia Mwalimu. Lakini kumwambia kulitaka nikiri kwamba naogopa, na kwa akili yangu hofu ndiyo iliyokuwa inaita basi. Miezi minne nikabaki na siri ile ndani ya uzio ule. Mwishowe jina letu nalo likasomwa, ingawa samaki wangu hakuwahi kutoka kwenye uso unaocheka. Badala ya kuelewa kwamba majina yalitoka kwenye orodha za wakubwa, niliona ni adhabu. Kambi zilikuwa nyingi, Zaituni sikumkuta. Baba hakuja.

Mwaka jana nilikuwa Kibirizi, nanunua dagaa. Mwanamke mmoja alikuwa anashusha madumu ya mawese ya Rumonge, na kovu la nyusi yake nililijua kabla ya jina la Zaituni kunijia. Tulikumbatiana, tukacheka, tukafuta machozi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza habari za kaka yake.

"Alitukuta kambini, sha, rafiki yangu. Majina yalikuwa yamebandikwa ubaoni."

Nikakalia dumu. Nikamweleza yote, kizibo, uji, basi. Alinisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa kanga.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa mlangoni na kikombe changu."

"Mbona hukukirudisha?"

"Nilikuwa naogopa, Sifa. Kila siku nilikuwa naogopa, na mama alinikataza kusema. Wewe ukanisemea. Mwalimu alivyonikalisha pale mlangoni, ndiyo siku niliyolala usingizi." Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na baba yako?"

Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye dumu la pili, karibu yangu, wapagazi wanatupita na magunia yao.

Mimi hufungua kitabu cha picha kila asubuhi na kuwauliza watoto rafiki afanye nini. Kule kituoni jibu hilo nililipigia kelele kila siku. Rafiki yangu alikuwa ubavuni pangu, anaogopa kama mimi, tukihesabu boti, na hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake.