Kitabu cha Farasi Kilichozikwa Itetemia

Baba hakupata kumiliki farasi, maana mbung'o wa mapori ya Tabora waliwaua wote walioletwa na misafara. Alichorithi ni kitabu cha utunzaji wao, kilichoandikwa kwa mkono wa babu yake, nakala pekee. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, tuliruhusiwa sanduku moja tu. Kitabu kilianza kwa Bismillahi, hivyo hakuthubutu kukitupa. Alikizika shambani kwetu Itetemia, kama ilivyo ada yetu kwa maandishi yenye jina la Mungu.

"Utakifukua, mwanangu. Wewe ndiye msomi."

Nilirudi baada ya masika mawili. Mchwa walikuwa wamebakiza jalada la ngozi.

Baba aliponiuliza, nilisema kipo salama. Akaanza kunisomea ukurasa wa kwanza kwa ghibu, akakwama katikati, akacheka.

"Basi, utanikumbusha ukikileta."