Kanga Iliyovuliwa Uani

Kaa, mwanangu, chai haitapoa. Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata harusi yangu, na ilikuja nyuma yake tu, nikiwa bibi harusi mpya hapa Kariakoo, miaka ya hamsini. Kitanda chetu kilijaa kunguni. Nikanunua sokoni dawa ya wadudu wa shamba, imetiwa kwenye chupa ya soda. Haraka haraka haina baraka: ilinimwagikia kifuani na mapajani, nikajifuta, nikaendelea na kazi. Kanga niliyovaa ilikuwa ya harusi, nisingeivua kwa sababu ya dawa ya kunguni.

Adhuhuri nilikuwa chini ukumbini, jasho na mate yananitoka, pumzi inakwama. Wanawake wa nyumba ile wakanikimbilia kwa mapenzi yao yote. Mmoja akaleta maziwa. Wengine wakanifunika kanga juu ya kanga, maana wapangaji wanaume walikuwa wakipita.

Ndipo akaingia somo yangu, Bi Mwanaidi, kungwi aliyenifunda unyago. Akainama, akanusa, akaamuru nipelekwe uani nivuliwe. Wenzake wakasita, wakamkumbusha stara.

"Stara nimemfunza mimi," alisema. "Nguo hii ndiyo inayomuua. Mvueni. Wa kufunikwa ni maiti, na huyu bado mzima."

Wakanivua, wakanimwagia maji na sabuni hadi nywele. Maziwa aliyakataa, yasije yakanipalia. Nikafungwa kanga safi, tukaenda hospitali, somo chupa ameifunga kitambaani. Daktari alipoiona hakuuliza mengi. Akanichoma sindano, kisha nyingine, mpaka mate yakakatika na kifua kikafunguka. Akamwambia mume wangu kuwa lau nguo ile ingebaki mwilini, sindano zingekuwa kazi bure.

Basi, mwanangu, sumu haikai kwenye chupa ya kinywaji. Ikimwagikia mtu, nguo itoke kwanza, aoshwe na mwenye kukinga mikono yake, kisha hospitali mbio na chupa yake. Usingoje uone kama atapata nafuu.

Nilirudi nikiona haya hata kutoka chumbani. Somo alinicheka sana. Mficha uchi hazai, wakubwa walisema, na walioniona uchi uani ndio hao waliowapokea wanangu wote, hadi wewe kitinda mimba. Mungu akujaalie majirani kama wale, nawe akujaalie mkono usiosita.