Gauni la Hariri Ndani ya Gunia la Ndengu

Wacha nikubali mwenyewe kabla hamjaniuliza: ni kweli, mwanamke ambaye gauni lake la kulalia liliinuliwa mbele ya kanisa zima pale Migwani ni mimi, Mama Mutheu, mjane wa miaka hamsini na minne, mwenyekiti wa akina mama, na kama mlicheka, chekeni tena mmalize.

Mambo yenyewe yalianza na jibu moja tu kwa simu. Nilikuwa nimeliona hilo gauni mtandaoni, hariri tupu, rangi ya zambarau, nikalitamani vile sijatamani kitu tangu Baba Mutheu atuache (miaka sita sasa, na yote nimelala na leso na fulana yake kuukuu). Muuzaji, binti wa kutoka Tawa, huku huku Ukambani, anayefanyia biashara Nairobi, akaniuliza, "Mwaitu," yaani mama kwa Kikamba, "nikufungie kawaida ama kwa siri?" Nikaifikiria ofisi yetu ya vifurushi, ambapo boksi lenye utepe likifika saa nne, saa tano soko lote limeshajua, nikamfikiria na shemeji yangu Musembi, ambaye tangu ndugu yake afe anaangalia hadi nani amekunywa chai kwangu. Mjane akinunua hariri, swali huwa moja tu: anamvalia nani? Nikasema, "Funga kwa siri. Funga ionekane kama ndengu."

Yule binti ni wa kwetu, hafanyi kazi nusu nusu. Alitafuta gunia dogo, akaweka gauni chini, akamwaga ndengu juu, akashona mdomo, akaandika kwa kalamu nene: MAMA MUTHEU, NDENGU.

Sasa, Kasyoka wa ofisi ya vifurushi tunaimba naye kwaya. Gunia lilifika Jumamosi jioni, na kesho yake ilikuwa sadaka ya mavuno, ile siku kila mtu analeta alichovuna, kisha vitu vinauzwa kwa mnada baada ya ibada. Kasyoka akaona ndengu, akaona jina langu, akaamua kunipunguzia safari (Mungu ambariki, lakini pole pole), akalipeleka kwa bodaboda moja kwa moja hadi kanisani.

Na mimi wiki hiyo nilikuwa nimewaambia akina mama mvua imeninyima, sina ndengu hata za kupika, nitaleta kuku. Kwa hivyo pasta aliposoma jina kwenye gunia akasema, "Mwaitu alisema hana, lakini oneni, ametoa hata akiba yake!", na kanisa likapiga makofi. Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikapokea makofi ya ndengu ambazo sikulima, nikapanga kulinunua gunia langu kwenye mnada niende nalo nyumbani kimya kimya.

Mpango mzuri, isipokuwa huku kwetu hakuna mtu hununua ndengu bila kuangalia fukusi. Mzee Nzioka, mwenye duka la nafaka, akasema hataji bei kabla hajatia mkono. Wakakata uzi. Akatia mkono hadi kwenye kiwiko, uso ukabadilika, akavuta, na hariri ikatoka, ikaendelea kutoka, ndengu zikimwagika sakafuni, mpaka akabaki amelishika gauni kwa mabega, lote limening'inia, na watoto wakasema "Waaa!" kwa pamoja.

Musembi akasimama. "Shemeji, hii ni nini? Ni nani amekununulia?"

Pasta, maskini, alijaribu kunisaidia: "Labda vifurushi vimebadilishana." Ningeitikia tu, mambo yaishe. Lakini lile swali la Musembi lilinichoma, kwa sababu huyo bwana hajawahi hata siku moja kuniuliza ni nani ananilimia.

Nikaenda mbele, nikachukua gauni kwa Mzee Nzioka, nikalikung'uta ndengu, nikalivaa juu ya sare yangu ya akina mama, nikafunga mshipi wake vizuri.

"Nimejinunulia mwenyewe, shemeji, na ninalala peke yangu. Siku nikiolewa utapata kadi kama watu wengine."

Mtu fulani nyuma akapiga kigelegele, akakatiza katikati. Mzee Nzioka akakohoa, akauliza kama ndengu zilizobaki bado zinauzwa.

Wazee wa kanisa walikaa kikao juu yangu Jumanne, wakaniambia nikae kando na uenyekiti miezi mitatu nitafakari. Nimetafakari, tena nikiwa nimevaa hariri. Na hapa ndipo nilipofikia: yale makofi hayakuwa yangu, niliyapokea nikijua, na kwa hilo nimeomba msamaha mbele ya watu wote. Kwa gauni siombi, hata wakiniongezea miezi mingine mitatu, na kitu changu hakitafichwa tena ndani ya gunia.