Mbuga Haina Mikono

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, likizo zangu nilizimalizia kwa shangazi yangu Fausta, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Sisi wa Sumbawanga, watu wa baridi na ulezi, bonde lilitutisha kwa joto lake. Yeye alilipenda. Kila Jumamosi alichukua daftari na penseli akaenda kwenye mbuga ya chumvi kuchora ndege. Majirani walishangaa mtu mzima kushinda juani akitazama heroe.

Jumamosi moja alinichukua. Njiani tulipita kwa Mama Kristina, aliyekuwa akikwangua udongo wa mbugani, akiuchuja na kuuchemsha apate chumvi.

"Shikamoo, Mama Kristina," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huko mbugani ukiitwa, usiitike, hata ikiwa sauti ya mama yako. Mbuga inaiga sauti za watu. Ila haina mikono. Anayemtaka mwenzake anapiga makofi matatu, ndipo anaitikiwa."

Shangazi akacheka. "Utanitishia mtoto bure. Huo ni mwangwi tu."

"Haya, mwalimu," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Shangazi alikaa nyuma ya matete akachora. Mimi nilichoka upesi, maana kutulia si kazi ya mtoto. Nikazunguka upande wa pili, nikaona unyoya wa waridi umelala juu ya ukoko wa chumvi. Nikasema nitampelekea. Ukoko ulikuwa mkavu, mweupe, unavutia kukanyaga. Hatua ya tatu ukapasuka.

Nilizama hadi magotini. Nilipojivuta nikazama hadi kiunoni. Tope lilikuwa zito, linanuka mayai viza. Nikadaka nyasi kwa mikono miwili, ndipo nikaacha kushuka.

"Shangazi!"

Nikaita tena kwa nguvu zote, heroe wakaruka. Juu ya matete nilikiona kitambaa chake cha kichwa. Kiligeuka upande wangu. Kisha kikatulia.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Niliita hadi koo likakauka, na kitambaa hakikusogea. Nyasi zikaanza kung'oka moja moja. Hapo ndipo nilipokumbuka makofi. Lakini makofi yanataka mikono miwili, na yangu yote miwili ilikuwa kwenye nyasi.

Nililia kwanza. Kisha nikaachia.

Kofi la kwanza lililia vizuri, nikashuka. La pili nikashuka hadi kifuani. La tatu lilikuwa tope tupu, sikudhani lingesikika. Kitambaa kikainuka ghafla, na Shangazi akaja mbio, akalala kifudifudi, akanirushia kitenge chake. Alinivuta huku akilia kuliko mimi. Njiani kurudi, Mama Kristina alinimwagia maji ndoo tatu.

Tangu siku ile Shangazi hakuchora tena ndege, na mimi sikuthubutu kumwuliza sababu. Mwaka jana nilimtembelea mjini, sasa amestaafu. Tukiwa tunachambua maharage, nikamwuliza kama alinisikia.

"Tangu mara ya kwanza," akasema bila kuinua macho. "Niliogopa kuitika. Nikataka nipige makofi nione kama utajibu, nikaona haya. Mwalimu wa sayansi, nipige makofi mbugani? Mama Kristina akinisikia je? Basi nikakaa. Nisamehe, mwanangu."

Nilimwambia yamepita. Hayajapita yote, na sitadanganya hapa.

Mwanzoni niliulaumu ushirikina. Siku hizi nawaza vingine. Mama Kristina aliamini jambo zima, hofu pamoja na njia ya kujinasua nayo, na angekuwa yeye nyuma ya yale matete, angepiga makofi papo hapo. Shangazi aliitupa ile njia kwa sababu ni ya kishamba, akabaki na hofu peke yake. Wasomi wengi tuko hivyo, nami simo katika wachache walionusurika.

Lakini binti yangu akiniita kutoka chumba cha pili, naitika kabla hajamaliza neno. Hunicheka, anasema mama ana haraka. Namwacha acheke.